Kabla hamjaomba polisi zaidi: usalama wa miji midogo ya watalii kando ya Ziwa Victoria

Msimu wa watalii ukianza, kilio kutoka miji ya mwambao ni kilekile, kuanzia Lamadi hadi Nansio: polisi ni wachache, waongezwe. Ni kweli ni wachache. Lakini kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwanoa watendaji wa kata na wenyeviti wa vitongoji, na kila tunapopitia malalamiko ya wageni yaliyofika ofisini kwao, mengi yanaanzia kwenye jambo ambalo askari hana mamlaka nalo.

Polisi ni chombo cha serikali kuu. Mkuu wa kituo anawajibika kwa mkuu wa polisi wa wilaya, naye kwa kamanda wa mkoa. Halmashauri haiwaajiri, haiwalipi, haiwahamishi. Diwani anaweza kugonga meza barazani hadi jioni, hata koplo mmoja hamhamishi. Taa za stendi, vyoo, taka, mitaro, leseni za biashara na maegesho ya bodaboda, hayo ndiyo ya halmashauri. Pande hizi mbili hukutana kwenye kamati ya usalama ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, na mwananchi wa kawaida hayumo humo.

Itazameni Lamadi. Barabara kuu ya Mwanza–Musoma inapita katikati, njia ya Bariadi inachepukia hapohapo, ziwa liko upande mmoja na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti haliko mbali. Malori, mabasi, wavuvi, wafugaji na watalii wote wanapita hapo. Kiingilio cha hifadhi hakipiti halmashauri. Kinachobaki kwa mji wa namna hii ni leseni, ushuru wa nyumba za wageni, na ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ya biashara. Kwa hiyo gesti isiyotoa risiti inapunguza pesa ileile ambayo ingenunua taa ya stendi, na mwenye gesti huyohuyo ndiye wa kwanza kulalamika kwamba wageni wake wanaibiwa gizani.

Sasa stendi yenyewe. Katika mji mmoja wa mwambao ambao sitautaja, basi linashusha saa moja na nusu usiku. Taa hakuna. Kijana wa Kizungu mwenye begi mgongoni anazungukwa na bodaboda kumi kwa mpigo. Mmoja kashika begi, mwingine anataja nauli, wa tatu ndiye anayempakia. Wakifika gesti nauli imepanda mara tatu. Mgeni anakwenda kituoni, anamkuta askari wa zamu peke yake na kitabu chake. Afungue RB, yaani jalada la taarifa, ya nini? Si wizi, ni ugomvi wa nauli, na dereva hana kizibao, hana namba, wala hajulikani ni wa kijiwe gani. Hapo hata mngeleta askari ishirini, wangeanzia wapi? Baadaye viongozi wa vijiwe na mtendaji walikaa wakaandikisha majina, wakagawa vizibao vyenye namba, wakabandika ubao wa nauli mlangoni mwa stendi. Tangu hapo likitokea jambo, anayepigiwa simu kwanza ni mwenyekiti wa kijiwe, na mara nyingi linaishia kwake.

Kuna na kitabu cha wageni cha gesti: jina, kabila, anakotoka, anakokwenda, namba ya kitambulisho. Watu wanakiona usumbufu wa kizamani. Mimi nakiona ndiyo silaha kubwa ya upelelezi katika mji mdogo, na inaumiza kuona kinavyojazwa. Nimewahi kufungua ukurasa ambao kwenye safu ya jina pameandikwa “Mzungu”, mstari wa chini yake “Mzungu 2”. Huyo wa pili akizama ziwani kesho, polisi wataanza kuuliza ubalozi gani?

Sungusungu ni urithi wetu Wasukuma. Ulianza huku mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowachosha watu, na mwaka 1989 sheria ikautambua. Unafanya kazi kwa sababu wanaolinda wanafahamiana na wanaolindwa. Lakini mipaka yake lazima isemwe waziwazi: mtuhumiwa akikamatwa anapelekwa kituoni, hapigwi, hatozwi faini ya porini. Na michango ya ulinzi isomwe mkutanoni, imeingia kiasi gani, imetumikaje. Pasiposomwa hesabu, watu huacha kuchanga, na doria hufa polepole.

Tembo wakiingia mashambani, waiteni askari wa wanyamapori. Kifuta jasho (cha mazao yaliyoharibiwa) na kifuta machozi (cha aliyejeruhiwa au kuuawa na mnyama) navyo hupitia kwa maofisa wanyamapori, si kaunta ya polisi.

Ziwani napo ni hivyohivyo. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 walikufa, na wavuvi na wakazi wa hapo walikuwa miongoni mwa waliowahi kuokoa. Kikosi cha polisi wanamaji hakiwezi kuwa kila mwalo. Hoteli inayopeleka wageni visiwani kwa boti inapaswa kuwa na namba za viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, za mialo yote ya njiani, na jaketi okozi kwa kila abiria, si kwa wageni peke yao.

Kwa hiyo ombeni askari, ndiyo, na mdaini mkaguzi wa polisi wa kata yenu afike mikutanoni. Lakini hoja ya taa, ubao wa nauli na ukaguzi wa vitabu vya gesti ipelekeni kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, anakokaa diwani kama mwenyekiti na mtendaji kama katibu, mkiwa mmeandika ni nguzo ngapi na zisimame wapi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Hoja ya taa ikifika Novemba ina nafasi ya kuingia. Ikifika Juni, stendi itakaa gizani mwaka mwingine mzima.