Je, wajua? Ukitafuta jina la ua usilolijua, rangi ndiyo itakayokupoteza

Umetoka kumwagilia bustani, ukakuta ua ambalo hukulipanda. Huenda mbegu yake iliangushwa na ndege, ikaletwa na upepo, au ilijificha kwenye udongo wa mche ulionunua. Unataka kujua ni ua gani, na karibu kila mtu huanza hivi: "Ni la zambarau."

Hapo umeshapotea njia. Haidrenjia ileile huchanua buluu kwenye udongo wenye asidi, ukiihamishia kwenye udongo usio na asidi ikaja kutoa maua ya pinki. Aina nyingi za lantana hufunguka zikiwa na rangi ya njano, kisha kadiri ua linavyozeeka hugeuka rangi ya machungwa, nyekundu au pinki, ndiyo maana kishada kimoja huwa na rangi mbili au tatu. Majani nayo hubadilika: kivulini hupanuka, juani husinyaa. Kisichobadilika kirahisi ni mpangilio wa ua lenyewe, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu.

Mtaalamu wa mimea Mswidi, Carl Linnaeus, alilijua hilo. Mwaka 1735 alipanga mimea kwa kuhesabu hasa stameni, yaani vile vijiti vinavyobeba chavua, na mwaka 1753 akatoa kitabu kilichoipa mimea majina ya maneno mawili tunayoyatumia hadi leo. Makundi yake mengi yalikuja kuachwa kwa sababu yalichanganya mimea isiyo na undugu. Kuhesabu hakukuachwa.

Petali, yaani vile vipande vya ua ambavyo kwa kawaida huwa na rangi, zikiwa tatu au sita, na mishipa ya jani ikienda sambamba, mara nyingi mmea huo uko upande mmoja na nyasi na maua ya lili. Zikiwa nne au tano, tafuta kwingine. Petali nne zilizokaa kama msalaba, zenye stameni sita, nne ndefu na mbili fupi, ni ukoo wa kabichi na haradali. Alama hiyo ni nzuri sana, haikuangushi mara nyingi.

Kisha viringisha shina kati ya vidole. Likiwa na pembe nne, majani yakikaa mawili mawili yakitazamana, na ua likiwa na midomo miwili, fikiria ukoo wa mnanaa na mrehani. Lakini usikimbilie jibu: lantana nayo ina shina la pembe nne na majani yanayotazamana, na si wa ukoo huo. Alama moja haitoshi kamwe. (Shina likitoa utomvu mweupe, nawa mikono na usiguse macho, maana utomvu wa mimea mingine huwasha vibaya. Wala usionje chochote.)

Kuna maua yanayomchanganya hata anayehesabu. Alizeti si ua moja bali umati wa maua madogo yaliyobanana, na kila unachokiita petali pale pembeni ni ua zima. Bugenvilea nayo inajivunia majani tu yaliyovaa rangi. Maua yake halisi ni yale madogo, meupe, yaliyo katikati.

Programu za simu kama iNaturalist na Pl@ntNet husaidia, mradi usiipe picha ya ua peke yake. Piga mbele na ubavuni, piga jani pande zote mbili, piga mahali jani linaposhikana na shina, na tunda kama lipo. Itakuletea orodha ya majina yanayokaribiana; wewe ndiye wa kuipima kwa hesabu uliyokwisha kuifanya.

Kama bado jina halijapatikana, kata kitawi chenye ua na majani, kilaze kati ya magazeti chini ya vitabu vizito, na ubadilishe karatasi zikipata unyevu hadi kikauke. Pembeni andika tarehe, urefu wa mmea, harufu yake. Na rangi, safari hii, iandike mapema, kwa kuwa ndiyo itakayotangulia kufifia.