Mstari wa Udhibiti Halisi kati ya India na China ni nini?

Ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba askari wa India au China wamevuka Mstari wa Udhibiti Halisi, usidhani kuna uzio au bikoni waliyoiruka. Mstari huo haujawahi kuchorwa kwa kukubaliana. Ni pale jeshi moja linapoishia na jingine kuanzia, na kila upande una pale pake. India inasema una urefu wa kilomita 3,488. China inasema kama 2,000.

Jina hilo lilitoka kwenye barua ya Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, kwa Jawaharlal Nehru wa India mwaka 1959. Mwaka 1962 wakapigana kwa mwezi mmoja, India ikashindwa, na Aksai Chin, uwanda wa juu unaodaiwa na nchi zote mbili, ikabaki mikononi mwa China. India ililiridhia jina hilo katika mkataba wa 1993, ambao ni wa kutunza utulivu tu. Wengi hulichanganya hili: mpaka hugawa ardhi, lakini mstari huu hutenganisha majeshi, na madai ya kila nchi yanabaki palepale.

Tazama Ziwa Pangong, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Ukingoni mwake kaskazini, migongo ya milima inateremka hadi majini, na askari huiita vidole. Kwa India mstari unapita kidole cha nane. Kwa China, cha nne. Kati ya hapo wote walikuwa wakipiga doria, na wakikutana, kila kikosi hukunjua bango la kitambaa kuwaambia wenzao warudi kwao. Risasi hakuna, kwani mkataba wa 1996 unakataza kufyatua bunduki ndani ya kilomita mbili kutoka mstarini. Ndiyo maana katika bonde la Galwan, kwenye mstari huohuo, usiku wa tarehe 15 Juni 2020, vijana waliuana kwa mawe na marungu yenye misumari, wengine wakaangukia mto wa baridi kali. India ilipoteza askari 20. China ilitaja wanne.

Kilichofuata kiliwafikia hata wasiojua Galwan iko wapi: India ikaifungia TikTok, na ndege za moja kwa moja kati ya nchi hizo, zilizokuwa zimesimama kwa sababu ya korona, zikakosekana miaka mitano.

Oktoba 2024 walikubaliana kuhusu doria za Depsang na Demchok, sehemu mbili za mstari huo, na siku mbili baadaye Waziri Mkuu wa India, Modi, na Rais wa China, Xi, wakakutana Kazan, Urusi. Mwaka 2025 mahujaji wa India walirudi mlima Kailash ulioko Tibet, upande wa China, Modi akaenda Tianjin, China, ndege zikaanza kuruka tena. Nafuu hiyo ni ya kweli, hasa kwa familia za askari wa kule juu. Ila kilichopangwa ni doria. Mstari wenyewe unapita wapi, hilo halikuguswa.