Ipumzishe Simu Kabla Hujatuma Hela

Kampeni ya Sitapeliki, ya kujikinga na utapeli wa simu nchini Tanzania, imewasaidia wananchi wengi kuifahamu namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa matapeli, na tunawashukuru wanaoitumia. Hata hivyo, malalamiko tunayoendelea kupokea yana mzizi ambao namba hiyo haiwezi kuung'oa: hatuipi simu nafasi ya kutulia.

Chukua ule ujumbe unaojulikana na kila mtu: "Ile hela itume kwenye namba hii." Aliyeutuma hakujui. Ameusambaza kwa watu wengi akijua hatakosa mmoja anayedaiwa kodi ya nyumba, na kwamba utamkuta kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, dole gumba liko tayari kwenye menyu ya kutuma pesa. Tapeli anategemea haraka hiyo. Aliyejizoesha kutofanya muamala akiwa njiani, au usiku huku macho yanafumba, humpigia kwanza mwenye nyumba wake. Kwa kawaida mchezo huishia hapo.

Kwa hiyo zima arifa za magrupu, uache za benki na za kazini. Usiku simu ilale sebuleni. Kengele ya kukuamsha inapatikana kwenye saa ya mezani. Kwa watoto, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri walio chini ya miaka 2 wasikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku. Mzazi anayempa mtoto simu ili amalize uji, tena simu yenye pesa na namba ya siri ambayo mtoto ameshaikariri, asije kutuuliza bando limekwenda wapi.

Kuhusu kusambaza taarifa za uongo: "nimetuma tu kama nilivyotumiwa" tumeisikia mno. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni za uongo, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 23, cha unyanyasaji mtandaoni, kina adhabu hiyohiyo. Kama ulijua au hukujua, hilo litaamuliwa na mahakama, si na admini wa grupu. Na kufuta ujumbe hakufuti kosa.

Ukitapeliwa, vilevile usifute kitu. Piga simu mara moja kwa mtoa huduma wako ukiwa na namba ya muamala, kisha nenda kituo cha polisi ufungue taarifa na upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ujumbe wenyewe pamoja na namba iliyoutuma uripoti kupitia 15040. Sisi hatuna mamlaka ya kutoa pesa kwenye akaunti ya mtu, hata ukija na ndugu watano.

Mwisho, piga *106# ufuate maelekezo ili uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Rudia kwa kila mtandao unaotumia. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda na kitambulisho chako cha NIDA kwenye duka la mtandao husika uombe ifutwe. Kijana aliyekusajilia laini chini ya mwavuli stendi hawezi kukufanyia hilo.