Ng'ombe Hacheui: Maswali Kuhusu Upasuaji wa Tumbo

Ng'ombe hupasuliwa tumbo kwa nini?
Mara nyingi amemeza kisichosagika: mifuko ya plastiki, kamba, misumari, vipande vya waya. Ng'ombe huzoa majani kwa ulimi na kuyameza kabla hajayatafuna vizuri, na kilichomo hushuka nayo. Plastiki hubaki tumbo kubwa, la kwanza kati ya manne ya ng'ombe, ikajisokota bonge. Waya hutua tumbo la pili, lililo jirani kabisa na moyo.

Nitamjuaje?
Anaacha kula, hacheui, maziwa yanashuka ghafla. Mwenye waya hupinda mgongo, hutanua viwiko, huguna akiteremka. Mwenye plastiki hukonda polepole, na ubavu wa kushoto hujaa gesi mara kwa mara.

Nimpe siku mbili tatu nione?
Hapana. Asiyecheua kutwa nzima ni mgonjwa, aonwe siku hiyo hiyo. Kila tumbo linapojikaza, waya husukumwa mbele. Ukishafika moyoni, kidari huvimba maji, na hapo kwa kawaida hatuna tena la kumfanyia.

Nimeshamnywesha mafuta na chumvi. Je, nisubiri yafanye kazi?
Hapana, usisubiri! Mafuta husaidia gesi ya mapovu, lakini hayaondoi plastiki wala waya. Tena ukimwinua kichwa na kummiminia chupa kwa nguvu, mafuta huingia mapafuni. Tunapokea wengi wa namna hii: tumbo bado limeziba, na sasa ana nimonia.

Si kisu ndicho kinachowaua?
Hili nalisikia kila mara, na kila mara nalijibu vilevile: kinachoua ni kuchelewa. Ng'ombe hupasuliwa akiwa amesimama, ubavu wa kushoto umetiwa ganzi. Tumbo hushikizwa kwanza kwenye ngozi ndipo likafunguliwa, uchafu usimwagikie ndani. Daktari huingiza mkono mpaka kwapani akatoa kila kitu. Aliyeletwa mapema, angali na nguvu, mara nyingi hupona na kurudi kukamuliwa. Anayetufia ni yule aliyeletwa hawezi hata kuinuka, baada ya wiki za "tuone kesho".

Akivimba ghafla, nimtoboe mwenyewe?
Gesi huweza kuua kwa saa chache, kwa hiyo mpigie daktari sasa hivi. Msimamishe, miguu ya mbele iwe juu, na ufuate atakayokuelekeza. Kisu cha jikoni kikichomwa ovyo humwaga uchafu ndani ya mwili.

Aliyezaa karibuni naye?
Katika mwezi wa kwanza baada ya kuzaa, ng'ombe wa maziwa huweza kuhamwa na tumbo la nne. Daktari hulitambua kwa kusikiliza ubavu, na mara nyingi hulirudisha na kulishona mahali pake.

Akishashonwa?
Maliza sindano zote za dawa. Usiuze wala kunywa maziwa mpaka siku alizotaja daktari zipite. Kisha okota waya na mifuko yote malishoni, na muulize daktari kuhusu sumaku ya kumezesha. Hukaa tumboni miaka yote, ikinasa vyuma kabla havijachoma.