Rufaa katika kesi za mikataba ya biashara: yanayodhaniwa na yalivyo

"Tutakata rufaa" ni kauli inayomtoka haraka mfanyabiashara aliyeshindwa kesi ya mkataba. Wengi huitamka wakidhani kesi itaanza upya mbele ya majaji wengine, na dhana hiyo imewaingiza watu kwenye hasara kubwa kuliko ile waliyoanza nayo mahakamani.

Dhana: Rufaa ni kesi kusikilizwa upya

Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, mahakama ya rufaa kwa kawaida haiiti mashahidi. Majaji husoma mwenendo wa shauri, vielelezo vilivyopokelewa na hukumu yenyewe, wakitafuta kosa lililoathiri matokeo. Jaji wa awali akiwa amemsikiliza shahidi na kumwamini, majaji wa rufaa husita sana kusema vinginevyo. Lakini akiwa amekosea kutafsiri kifungu cha mkataba, mara nyingi wako huru kukisoma wenyewe, kwa kuwa tafsiri ya maandishi huhesabiwa kuwa suala la kisheria. Ndiyo maana wakili makini huegemea kifungu cha ukomo wa dhima (kinachoweka kikomo cha fidia) au cha kuvunja mkataba, si malalamiko kwamba shahidi wa upande wa pili alidanganya.

Dhana: Ushahidi uliosahaulika utaletwa kwenye rufaa

Mlango upo, ila ni mwembamba. Katika kesi ya Ladd v Marshall ya mwaka 1954, iliyohusu mauzo ya nyumba, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliweka masharti matatu: ushahidi usingeweza kupatikana kabla ya kesi hata kwa bidii ya kutosha, ungekuwa na uzito katika matokeo, na uwe unaaminika. Mnunuzi alitaka kumrudisha mke wa muuzaji, ambaye kwanza alisema hakumbuki malipo, kisha akadai alidanganya. Alikataliwa. Sasa fikiria barua pepe iliyokuwa kwenye kompyuta ya kampuni yako muda wote wa kesi. Itakwama kwenye sharti la kwanza.

Dhana: Ukikata rufaa, utekelezaji wa hukumu unasitishwa

Hii ndiyo hatari kuliko zote. Sehemu nyingi, kukata rufaa peke yake hakumzuii mshindi kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Ni lazima kuomba amri ya kusitisha utekelezaji, na aghalabu mwombaji huweka dhamana.

Mwaka 1985 baraza la raia wanaoamua kesi (jury) huko Texas, Marekani, liliamuru kampuni ya mafuta ya Texaco iilipe Pennzoil dola bilioni 10.53 kwa kuingilia makubaliano yake ya kununua Getty Oil. Sheria za jimbo hilo zilidai dhamana inayolingana na kiasi chote cha hukumu. Texaco ilipata zuio la kutekelezwa kwa hukumu hiyo katika mahakama za shirikisho, lakini Aprili 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaliondoa, na siku chache baadaye kampuni iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Mahakama ya rufaa ya Texas ilikuwa imeshapunguza deni kwa dola bilioni 2, nafuu isiyotosha. Mwishowe walikubaliana bilioni 3. Kampuni kubwa kiasi hicho ilielemewa na dhamana kabla rufaa zake hazijaisha, basi ndogo ijiulize mapema dhamana itatoka wapi.

Dhana: Muda upo

Haupo. Hesabu ni ya siku au wiki chache tangu hukumu, na maombi ya kuongezewa muda hudai sababu nzito.

Dhana: Mshindi akae atulie

Aliyeshinda nusu ya madai, au aliyepewa fidia ndogo, anaweza kuwasilisha rufaa kinzani. Asipofanya hivyo, mara nyingi atabaki kutetea kile tu alichopewa.

Dhana: Tuzo ya usuluhishi nayo hukatiwa rufaa

Tuzo ni uamuzi wa msuluhishi ambaye wahusika wamekubali aamue mgogoro wao badala ya mahakama. Sheria ya mfano ya UNCITRAL (tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa) ya mwaka 1985, inayofuatwa na nchi nyingi, inaruhusu tuzo itenguliwe kwa sababu chache tu, kama vile msuluhishi kukosa mamlaka au upande mmoja kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Kwamba msuluhishi aliuelewa mkataba vibaya hakumo. Sheria ya Usuluhishi ya Uingereza ya 1996 inaacha nafasi ya rufaa juu ya suala la kisheria, lakini wahusika wanaweza kuiondoa kwa makubaliano. Kanuni za usuluhishi za ICC (Chama cha Kimataifa cha Biashara) na LCIA (taasisi ya usuluhishi ya London) tayari zina kifungu cha kuiondoa, hivyo aliyezikubali ameiacha haki hiyo siku aliyotia saini mkataba.