Gundi bila msumari hushika

Tumeambiwa miaka mingi kwamba mbao za uso wa meza zikiunganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi tupu zitaachana, hivyo lazima zipigwe misumari. Si kweli, na inaniuma kuona mninga mzuri ukitobolewa bure. Nyuzi za mbao zikilala sambamba, gundi nyeupe ya seremala hushika kuliko mbao yenyewe: ukivunja kiungo kilichofanywa vizuri, mara nyingi hupasuka mbao pembeni, si mstari wa gundi. Kinachoharibu ni kingo zisizonyooka, maana gundi hii haijazi mwanya. Piga randa mpaka ukizikutanisha mwanga usipenye, paka, bana kwa klampu, acha usiku kucha. Vichwa vya mbao, yaani ncha zake, ni habari nyingine. Huko nyuzi zimekatwa, na gundi peke yake haitoshi.