Kona ile ile kila mzunguko: The Crowd Roars ya 1932

Mbio za magari ni ngumu kuhariri kuliko watu wanavyodhani. Gari likipigwa picha linakimbia, hilo peke yake halisemi kitu: linaingia upande huu wa skrini, linatokea upande ule, basi. Mimi ni mhariri wa filamu, na nikipewa mbio swali langu la kwanza huwa ni hili: mtazamaji aogope nini? Jibu ninalolipenda kuliko yote limo kwenye The Crowd Roars, filamu ya Warner Bros. ya mwaka 1932 iliyoongozwa na Howard Hawks.

Kisa chake si kigeni. Joe Greer (James Cagney), bingwa wa mbio za magari za Indianapolis, Marekani, anarudi kwao na kumkuta mdogo wake Eddie naye hataki kazi nyingine ila usukani. Joe anakubali kumfundisha, lakini anataka kijana akae mbali na pombe na wanawake, ilhali yeye mwenyewe anaishi na Lee na kumficha kama aibu. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Katikati ya filamu mambo ya mapenzi yanajivuta, sibishi, ila Ann Dvorak anayemcheza Lee ana macho yanayobeba kila tukio. Awali nafasi hiyo ilikuwa ya Joan Blondell; wakabadilishana, na kila mmoja akapata panapomfaa.

Twende kwenye moto. Joe, akiwa amelewa na ana hasira, anambana Eddie uwanjani wakati mbio zinaendelea. Rafiki yao Spud (Frank McHugh) anaingiza gari lake katikati kuwatenganisha ndugu hawa. Gari la Spud linashika moto, naye anaungua humo humo. Mbio hazisimamishwi.

Angalia sasa namna uwanja wenyewe unavyomfanyia Hawks kazi. Barabara ya kawaida ingewapitisha madereva penye ajali mara moja na kuwaachia waende zao. Uwanja wa duara hauwaachii. Kila wakimaliza mzunguko wanarudi kwenye kona ile ile, moshi ule ule, na mafuta bado yanawaka njiani. Skrini haina harufu, lakini nyuso za madereva wanaopita pale zinatosha kutuambia wananusa nini. Kwa mhariri hiyo ni zawadi: kipande kile kile unakirudia, na kila kikirudi kinauma zaidi, kwa sababu mtazamaji ameshajua kinakuja na anahesabu sekunde. Ujasiri wa Joe unakatikia hapo, na filamu haihitaji maneno mengi kutueleza kwa nini.

Moto huo unaaminika pia kwa sababu sehemu kubwa ya kinachouzunguka ni halisi. Hawks aliwahi kuendesha magari ya mashindano ujanani, akawaingiza madereva wa kweli kwenye filamu, na mbio zikapigwa picha kwenye viwanja vya kweli, ukiwemo Legion Ascot wa Los Angeles, uwanja ulioua madereva wengi kabla ya kufungwa mwaka 1936. Yumo Billy Arnold, mshindi wa Indianapolis 500 ya 1930. Mwaka 1931 Arnold alipata ajali akiwa anaongoza mbio hizo. Gurudumu likachomoka, likaruka nje ya uwanja na kumuua mtoto. Yumo Fred Frame pia, ambaye tarehe 30 Mei 1932, wiki chache tu baada ya filamu kutoka, alishinda Indianapolis 500 yenyewe: mizunguko 200, kilomita zipatazo 805. Yumo na Wilbur Shaw, ambaye angekuja kuzishinda mbio hizo mara 3.

Wakati ule kila gari la Indianapolis lilibeba watu wawili. Tangu 1930 kanuni zilimlazimu dereva kupanda na fundi wake. Aliyezoea Safari Rally asimfikirie msoma ramani. Kwenye duara hakuna njia ya kupotea. Fundi alitazama magari yaliyo nyuma, alikagua matairi kwa macho, alichunga presha ya oili na kupampu mafuta kwa mkono inapobidi. Gari likiungua, waliokuwa hatarini ni wawili.

Mshono unaonekana Cagney anapoletwa karibu. Hapo gari limesimama studio, na uwanja unarushwa kwa projekta kwenye skrini nyuma yake. Mwanga wa usoni haulingani na wa nyuma, na mtikisiko wa gari haufuati barabara. Mimi hainisumbui, kwa sababu Hawks anakaa kwenye uso huo kwa muda mfupi na kurudi haraka uwanjani.

Picha hizo za mbio zilitumika tena. Mwaka huo huo likatengenezwa toleo la Kifaransa akiwemo Jean Gabin, na mwaka 1939 Warner wakakirudia kisa hicho kwa jina la Indianapolis Speedway, McHugh akicheza tena Spud yule yule. Mwenye nafasi atazame toleo la 1932 na la 1939 siku moja, aone vipande vinavyofanana vikifuatwa na nyuso tofauti.

Mwisho wa filamu naupenda sana. Ndugu wameshapatana, wamelazwa kwenye gari la wagonjwa wakipelekwa hospitali, na gari jingine la wagonjwa liko barabarani. Wanamhimiza dereva wao alipite.